Bandama Si Kiungo cha Kutupwa

Katika madarasa mengi ya sekondari, somo la damu linapofikia viungo vya tumboni, bandama hupewa nafasi ndogo kuliko viungo vyote. Moyo huchorwa ubaoni, mapafu huchorwa, ini na figo huelezwa kwa kirefu. Kisha, kengele ikikaribia kulia, hutajwa bandama, ambayo wengine huiita wengu, pamoja na sentensi moja ambayo mwanafunzi huiandika daftarini na kuikumbuka maisha yake yote: mtu aweza kuishi bila bandama. Sentensi hiyo ni ya kweli. Watu wengi sana duniani waliotolewa bandama wanaishi, wanalima, wanafundisha, na wanalea watoto wao. Lakini hiyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoua.

Nusu iliyoachwa ni hii. Mtu asiye na bandama huishi akiwa na upungufu katika kinga yake dhidi ya bakteria wa aina fulani. Upungufu usioonekana kwa macho, usiouma, na usiokwisha. Siku nyingi za maisha yake hauna dalili yoyote. Kisha siku moja, pengine mwaka mmoja baada ya upasuaji, pengine baada ya miaka 20, huanza homa iliyo kama homa nyingine yoyote. Na homa hiyo isipotibiwa kwa haraka yaweza kumwua kabla ya siku ya pili kwisha. Yafaa, basi, sentensi ile ya darasani ikamilishwe, na yafaa pia ijulikane kwa nini ilibaki nusu kwa muda mrefu hivyo.

Kazi ya bandama

Bandama hukaa upande wa kushoto wa tumbo, juu, nyuma ya mfuko wa chakula, ikikingwa na mbavu za chini. Bandama ya mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 150 hivi, nayo ni laini na imejaa damu kama sifongo iliyojaa maji. Hupokea takriban sehemu moja katika 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu mwenyewe. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika. Kwa hiyo bandama hupitiwa na robo lita kila dakika, na kila baada ya dakika 20 kiasi cha damu kilichopita ndani yake hulingana na damu yote iliyomo mwilini.

Damu hiyo haipiti kwa mbio kama ipitavyo katika viungo vingine. Sehemu yake humwagwa nje ya mishipa, katika nyama nyekundu ya bandama, na ili irudi mishipani hulazimika kujipenyeza katika nyufa nyembamba mno. Chembe nyekundu changa, iliyo laini, hujikunja ikapita. Chembe iliyozeeka, ambayo imekwisha kufanya kazi kwa siku 120 hivi, imekuwa ngumu na hainami. Hukwama, na papo hapo humezwa na chembe walaji zilizojipanga kando ya nyufa hizo. Chembe iliyobeba takataka ndani yake hunyofolewa takataka hiyo na kuachiwa iende zake. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara, akitazama kwa hadubini damu ya mtu asiye na bandama, huona ndani ya baadhi ya chembe nyekundu vidoa vidogo vya mabaki ya kiini, ambavyo bandama nzima ingekwisha kuviondoa. Vidoa hivyo ni ushahidi kwamba msafishaji hayupo.

Kichungi hicho hicho ndicho kinachowanasa bakteria walioingia katika damu. Walakini bakteria wote si sawa mbele ya chembe walaji. Wapo wanaojifunika utando mzito wenye utelezi, uliofumwa kwa minyororo mirefu ya sukari. Chembe mlaji hushindwa kuwashika, kama mkono unavyoshindwa kumshika kambale majini. Mashuhuri miongoni mwao ni watatu: nimokokasi, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha kichomi, meningokokasi, ambaye huleta homa ya uti wa mgongo, na himofilasi aina ya b, ambaye huwashambulia zaidi watoto wadogo.

Ili bakteria hao washikike, yapasa kwanza wapakwe kingamwili, yaani protini za damu ambazo hung'ang'ania utando ule na kumpa mlaji mahali pa kukamatia. Hapo ndipo kazi ya pili ya bandama inapoonekana. Kandokando ya nyama yake nyeupe zimo chembe za kinga ambazo hutengeneza kwa haraka kingamwili za namna hiyo, hata dhidi ya bakteria ambaye mwili haujapata kukutana naye. Na hata pale kingamwili zinapokuwa chache, mwendo wa polepole wa damu ndani ya bandama huzipa chembe walaji nafasi ya kumkamata adui ambaye ini, ijapokuwa nalo lina kazi kama hiyo, lingemwacha apite.

Kwa hiyo bandama ikiondolewa, mwili hupoteza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kiwanda cha kingamwili za mwanzo, na kichungi chenye subira. Uboho, ini, na tezi nyingine za kinga huendelea kumlinda mtu dhidi ya magonjwa mengi, na ndiyo maana haonekani mgonjwa. Ukuta umesimama, pengo limebaki mahali pamoja tu, nao bakteria wenye utando ndio hasa wapitao hapo.

Kosa la wenye ujuzi

Bandama haikudharauliwa na wajinga. Theodor Kocher wa Uswisi alikuwa miongoni mwa wapasuaji hodari kuliko wote wa zama zake, na mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel. Katika mafundisho yake ya upasuaji alishauri kwamba bandama iliyojeruhiwa iondolewe, kwa kuwa kuondolewa kwake hakuleti madhara, nako huzuia mgonjwa asife kwa kutokwa na damu. La kustaajabisha ni kwamba tuzo ile aliipata kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, ambayo nayo ilikuwa imedhaniwa kwamba yaweza kuondolewa yote bila hasara. Mwaka 1883 Kocher mwenyewe alitangaza kwamba wagonjwa wake waliokatwa tezi yote walidhoofika mwili na akili, akaacha kuiondoa yote. Mtu aliyefundishwa na shingo hakufundishwa na tumbo.

Sababu ya jambo hili yafaa kuchunguzwa, maana ni somo la sayansi kwa jumla wala si la bandama peke yake. Madhara ya kukosa tezi ya shingo humpata karibu kila aliyeikosa, na huonekana waziwazi. Madhara ya kukosa bandama humpata mgonjwa mmoja katika wengi, tena baada ya muda mrefu, mbali na hospitali aliyopasuliwa, na chini ya jina la ugonjwa mwingine. Cheti cha kifo huandikwa kichomi, au homa ya uti wa mgongo, bandama haitajwi. Mpasuaji humwona mgonjwa wake akitoka wodini kwa miguu yake mwenyewe, kidonda kimefunga, naye huridhika kwa haki. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mgonjwa aliyekufa miaka mitano baadaye katika kijiji cha mbali hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Ilibidi, basi, watu wahesabu. Mwaka 1919 Morris na Bullock wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa panya. Panya walioondolewa bandama walikufa kwa maambukizo kwa wingi kuliko wenzao, na watafiti hao wakaonya kwamba yaelekea binadamu naye yatampata hayo hayo. Onyo lao halikutiliwa maanani kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1952 King na Shumacker, wapasuaji wa Indianapolis, walieleza habari za watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa ajili ya ugonjwa wa damu wa kurithi kabla hawajatimiza miezi sita, ambao baadaye walipatwa na maambukizo makali. Watano ni wachache, na iliwezekana kudhani kwamba sababu ni uchanga wao tu. Hata hivyo, tangu hapo madaktari wa nchi nyingi walianza kufungua upya majalada ya wagonjwa wao wa zamani.

Mwaka 1973 Singer alikusanya pamoja taarifa za wagonjwa 2,796 waliotolewa bandama. Kati yao 119 walipatwa na maambukizo makali ya damu, na 71 wakafa. Maana ya tarakimu hizo ni mbili. Kwanza, wengi hawakupatwa na chochote, jambo linaloonyesha kwa nini hatari hiyo ilifichika kwa muda mrefu. Pili, kati ya waliopatwa, takriban 6 katika kila 10 walikufa, jambo linaloonyesha kwa nini haifai kupuuzwa. Hatari ilikuwa ndogo kwa waliopoteza bandama katika ajali, na kubwa zaidi kwa wenye magonjwa ya damu kama thalasemia. Kisha mwaka 1977 Robinette na Fraumeni walichapisha habari za wanajeshi 740 wa Marekani waliotolewa bandama kwa sababu ya majeraha ya Vita Vikuu vya Pili. Hao hawakuwa watoto wachanga wala wagonjwa wa damu; walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya yao. Hata hivyo vifo vyao kwa kichomi vilizidi vile vya wanajeshi wenzao waliobaki na bandama zao. Dhana kwamba kiungo hiki hakina kazi kwa mtu mzima haikuwa tena na mahali pa kusimama.

Hoja ya mpasuaji

Je, wapasuaji wamekuwa wakikosea siku zote? Jibu la haki ni hapana. Mtu aliyegongwa na gari, au aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, ambaye bandama yake imepasuka, aweza kumwaga lita kadhaa za damu ndani ya tumbo lake na kufa katika muda wa saa chache. Tena katika nchi zenye malaria, ambako bandama za watu wengi huvimba kwa kuugua mara kwa mara, pigo dogo tu laweza kuipasua. Daktari wa wilaya aliye peke yake usiku, asiye na damu ya kutosha ya kumwongezea mgonjwa, akiamua kuitoa bandama amechagua sawasawa. Kifo cha usiku ule ni cha hakika. Maambukizo ya mwaka wa mbele ni ya huenda. Anayemlaumu daktari huyo hajapata kusimama mahali pake.

Lakini tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba njia si mbili tu, yaani kuitoa yote au kumwacha mtu afe. Mwaka 1962 Campos Christo wa Brazil alieleza jinsi alivyoondoa sehemu iliyojeruhiwa peke yake na kuiacha sehemu iliyo nzima, akifuata jinsi mishipa ya damu inavyoigawa bandama katika vipande. Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson, kutokana na uzoefu wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba watoto wengi waliopasuka bandama hupona bila kupasuliwa, maadam wamelazwa, wametulizwa, na wanaangaliwa na watu walio tayari kupasua mara hali ikibadilika. Leo huo ndio utaratibu wa kawaida kwa mgonjwa ambaye hali yake ni tulivu, katika hospitali zenye vyombo vya kumpima na wauguzi wa kumkesha. Hospitali ambazo hazijawa navyo zina sababu moja zaidi ya kuvidai.

Lawama, ikiwa ipo, haiko kwenye kisu. Iko katika kimya kinachofuata baada ya kisu. Mara nyingi mno mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na vidonge vya kutuliza maumivu na tarehe ya kutolewa nyuzi, wala haelezwi ni kiungo gani kimetolewa. Au huelezwa, kisha huambiwa asiwe na wasiwasi, kwa kuwa mtu aweza kuishi bila bandama. Sentensi ile ile ya darasani hurudi wodini, ikisemwa na mtu ambaye huenda aliiandika daftarini alipokuwa kijana wa kidato cha pili. Ndivyo ubao wa shule unavyofika kwenye kitanda cha mgonjwa.

Bandama ipoteayo bila kisu

Kwa Afrika ya Mashariki suala hili haliwahusu tu wale waliopita mikononi mwa wapasuaji. Wapo watu wengi ambao bandama zao hufa zenyewe, bila kuguswa. Katika ugonjwa wa kurithi wa selimundu, chembe nyekundu zinazopungukiwa na oksijeni hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndani ya bandama, ambamo damu hutembea polepole, kuziba huko hutokea mara kwa mara, hata nyama yake ikafa kidogo kidogo na kubaki kovu. Watoto wengi wenye ugonjwa huo huwa wamekwisha kupoteza kazi ya bandama kabla ya kutimiza miaka mitano. Tena mwaka 1969 Howard Pearson na wenzake huko Marekani walionyesha jambo la kushangaza zaidi: bandama ya mtoto wa namna hiyo yaweza kuwa imevimba, daktari akaipapasa kwa mkono wake, na hata hivyo isifanye kazi yake. Kuwapo kwa kiungo si ushahidi kwamba kinafanya kazi.

Ukubwa wa jambo hili si mdogo. Nchini Tanzania peke yake hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Katika shule yenye wanafunzi mia kadhaa, si ajabu akawapo mmoja au zaidi.

Kwa muda mrefu walikuwapo wataalamu waliotilia shaka kwamba nimokokasi huwadhuru watoto wa selimundu barani Afrika kama anavyowadhuru wale wa Marekani, na kwa hiyo wakasita kupendekeza dawa ya kuwakinga. Shaka hiyo ilipata jibu katika pwani ya Kenya. Katika hospitali ya wilaya ya Kilifi damu ya watoto waliolazwa ilioteshwa maabara kwa miaka mingi ili kutafuta bakteria, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ilionekana kwamba hatari ya kuingiwa na bakteria katika damu kwa mtoto mwenye selimundu ilikuwa takriban mara 26 ya ile ya mtoto asiye nao. Kati ya bakteria 108 waliooteshwa kutoka kwa watoto hao, 44 walikuwa nimokokasi, 19 walikuwa salmonela wasio wa homa ya matumbo, na 13 walikuwa himofilasi aina ya b. Wa kwanza na wa tatu ni wale wale wenye utando wa utelezi waliotajwa hapo juu. Kilichokosekana kabla ya hapo hakikuwa ugonjwa, bali maabara ya kuuona.

Nao uthibitisho kwamba mtoto aweza kukingwa ulikuwa umekwisha kupatikana mwaka 1986, huko Marekani. Watoto 215 wenye selimundu, wote wakiwa na umri wa miaka mitatu au chini yake, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku. La pili lilipewa kidonge kisicho na penisilini. Katika watoto 110 wasiopewa dawa, 13 walipata maambukizo makali ya nimokokasi. Katika 105 waliopewa, walikuwa 2 tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati uliopangwa, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima dawa watoto wa kundi la pili.

Chanjo nazo zimeongeza ulinzi. Chanjo ya himofilasi iliingizwa katika ratiba ya watoto ya Kenya mwaka 2001 na ya Tanzania mwaka 2009. Ile ya nimokokasi iliingizwa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwanzoni mwa 2013. Hayo ni maendeleo makubwa yanayostahili sifa. Lakini nimokokasi ana aina zaidi ya 90, na chanjo ya watoto haizikingi zote. Na wapo vijana na watu wazima waliozaliwa kabla ya miaka hiyo ambao hawakuipata kamwe. Kwa hiyo chanjo hupunguza hatari, lakini haiifuti.

Homa ya bwenini

Mahali ambapo elimu hii hujaribiwa ni bwenini usiku. Mwanafunzi mwenye selimundu, au mwenye kovu la upasuaji tumboni, aanza kutetemeka saa nne usiku. Wenzake wasema ni malaria. Mwalimu wa zamu, kwa nia njema kabisa, ampa vidonge vya kupunguza homa na kumwambia alale, kesho atapelekwa zahanati. Kwa mwanafunzi mwingine yeyote pengine hakuna litakaloharibika. Kwa huyu usiku ule waweza kuwa wa mwisho.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha sababu. Bakteria akijigawa mara moja kila nusu saa bila kuzuiwa, basi kutoka saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa 10, yaani migawanyo 20. Na bakteria mmoja atakuwa amefikia zaidi ya 1,000,000. Mwilini mambo hayaendi kwa unyofu wa ubaoni, kwa maana zipo kinga nyingine zinazopambana. Walakini hesabu hiyo yaonyesha kwa nini madaktari, mbele ya mgonjwa wa namna hii, huhesabu saa wala hawahesabu siku.

Hatari ya pili ni mazoea. Katika nchi hizi kila homa huitwa malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mara nyingi haithibitishwi. Mtu asiye na bandama aweza kweli kupata malaria, tena kali, kwa kuwa bandama ndiyo inayozichuja chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea. Lakini vimelea kuonekana katika damu yake si uthibitisho kwamba bakteria hawamo. Atibiwe malaria ikiwa anayo, na atibiwe bakteria bila kungojea. Kwani dawa iliyotolewa bure bila haja hugharimu kidogo, na dawa iliyocheleweshwa hugharimu uhai.

Yanayopasa kufanywa si mageni wala si ya gharama kubwa. Kila aliyetolewa bandama aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa, naye apewe kadi ya kubeba mfukoni yenye maneno machache ya kumwonya daktari yeyote atakayempokea. Apate chanjo, ikiwa upasuaji ulipangwa, apewe angalau wiki mbili kabla yake, na ikiwa ulikuwa wa dharura, wiki mbili hivi baada yake. Mtoto anywe penisilini kila siku kwa muda ambao daktari ameuweka, na mtu mzima ashauriwe na daktari wake juu ya dawa ya akiba ya kumeza mara homa inapoanza, akiwa njiani kwenda hospitali. Hata kuumwa na mbwa asikuchukulie kuwa jambo dogo, maana katika mate ya mbwa yumo bakteria ambaye huwa hatari hasa kwa watu wa namna hii.

Wapo wanaosema kwamba kumweleza mgonjwa haya yote ni kumtia hofu bure, hali wengi hawatapatwa na lolote. Hoja hiyo haina nguvu. Mvuvi huambiwa habari za mwamba uliojificha chini ya maji si ili aache kwenda baharini, bali ili ajue pa kupitisha chombo chake. Hofu ya kweli ni ile ya mzazi anayeelezwa sababu baada ya mazishi, na kutambua kwamba yalihitajika maneno machache tu.

Kwa mwalimu wa sekondari wajibu ni mwepesi zaidi, nao ni wake peke yake. Miongoni mwa wanafunzi walio mbele yake wamo wauguzi, matabibu na wapasuaji wa kesho, na wamo pia wagonjwa wao. Kengele ikikaribia kulia, na bandama ikiwa bado haijatajwa, asiiache sentensi ile nusu. Aiandike ubaoni yote, nao waiandike: mtu aweza kuishi bila bandama, mradi ajue kwamba hana, na homa yake isingojee asubuhi.